Fundi wa Mlingoti wa Mto Thuci

Mimi si mtu wa kubuni mambo. Nimefanya kazi ya waya za simu miaka mingi, na kazi ile haimtaki mtu wa kuotaota. Ukiota juu ya mlingoti utajikuta chini. Kwa hiyo nikikwambia kwamba niliwahi kusaidiwa kazi na mtu aliyekwisha kufa, usinitazame hivyo. Sikuwa mlevi, pombe sijaionja tangu nizaliwe. Sikuwa na homa. Wala hakukuwa na giza la kunidanganya macho. Ilikuwa saa tisa ya mchana, na aliyemwona si mimi peke yangu.

Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ile vita ya Mau Mau. Nyinyi mliozaliwa juzi mnalisikia jina tu. Sisi tulikula na kulala nayo. Mtu hakwenda kumwona shangazi yake bila pasi. Ikifika saa ya kafyu uwe ndani, la sivyo umejitafutia. Vijijini watu walikuwa wamefungiwa ndani ya mitaro na miti iliyochongwa, na barabarani kulikuwa na majoni, wale askari wa Kizungu, pamoja na mahomgadi, Waafrika wenzetu waliopewa bunduki na serikali, waliotaka kuona kipande chako, yaani kitambulisho, kila hatua. Sasa sisi Waislamu wa mjini Meru, ambao huyu baba yake ni Mnubi na mama Mmeru, na yule babu yake katokea Tabora, serikali haikujua ituweke kabila gani. Ikaona heri itupe pasi. Baba yangu alikuwa muuza nyama sokoni. Mimi nikaandikwa kazi ya simu kwa sababu hiyo moja tu, kwamba naweza kupita barabara yote kutoka Meru hadi Embu bila kupigwa risasi. Ufundi nilijifunza baadaye, tena kwa shida.

Nikwambie ukweli, ile laini niliipenda. Ilikuwa ikiunganisha ofisi ya Meru na ofisi ya Embu, na katikati yake kuna mabonde ambayo hata mbuzi huyafikiria mara mbili. Mutonga, Nithi, Thuci, yote ni mito inayokuja mbio kutoka mlimani. Mvua ikinyesha, gari lilichukua siku nzima kwenda Embu, pengine lisifike. Lakini sauti? Ilifika kabla hujameza mate. Upande wa Meru alikaa Mzee Rajabu kwenye swichibodi, mtu wa mtaani kwetu Majengo, akichomeka na kuchomoa, akiunganisha huyu na yule.

Na kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu mafundi wa waya. Sisi tunajuana kwa vifundo, yaani pale waya mbili zinapounganishwa. Kila mtu ana mkono wake. Mimi nilifundishwa kazi kwa kuonyeshwa vifundo vya mtu mmoja, Fundi Hamadi, aliyeijenga laini ile na kufa miaka kadhaa kabla sijaandikwa. Mizunguko saba kulia, mizunguko saba kushoto, na ncha imefichwa chini ili maji ya mvua yasipate pa kukaa. Hakuna kifundo cha Hamadi kilichowahi kukatika. Nilimheshimu mtu yule ingawa sikuwahi kumtia machoni.

Sasa sikiliza. Mke wangu Zainabu ni wa Kanja, upande wa Embu, na alisilimu tulipooana. Alikuwa na kaka mmoja tu aliyebaki, Nyaga. Nilimtafutia shemeji yangu kazi kwetu, ya kuchimba mashimo ya milingoti kule Ruiri, karibu na mjini Meru. Akaomba ruhusa ya siku nne akamwone mama yake mgonjwa, na huko Kanja wakamkamata. Waliwapanga wanaume mstari, wakamleta kikunia. Humjui kikunia? Ni mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, asijulikane ni nani. Anapitishwa mbele ya mstari, na akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Alitikisa kichwa mbele ya Nyaga. Akasema huyu Jumamosi fulani alikuwa hapa Kanja, akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau.

Jumamosi hiyo Nyaga alikuwa Ruiri, ameshika sururu. Nilimwona kwa macho yangu.

Nyaga alijitetea, na bahati yake ni kwamba bwana wa pale Embu, Mzungu wa serikali, alikuwa na haki kidogo. Asubuhi, saa mbili, simu ikapigwa Meru. Wakasema, kama bwana mkubwa wenu wa simu, kwa kinywa chake mwenyewe, atasema jina la mtu huyu limo kwenye daftari la mahudhurio la siku ile, tutamwachilia. Lori la Manyani, kule kambi ya wafungwa, linaondoka saa kumi jioni. Likiondoka kabla hatujasikia neno, anakwenda nalo. Na aliyekwenda Manyani siku zile hakuna aliyejua atarudi lini, au kama atarudi.

Daftari lilikuwa Ruiri, gari likatumwa kulileta. Saa nne, kabla gari halijarudi, laini ikafa. Mzee Rajabu aliita Embu mpaka sauti ikamkauka.

Bwana mkubwa akaniita, akaniambia nifuate waya mpaka nipate ilipokatika. Hakujua kwamba Nyaga ni shemeji yangu. Mimi nami sikumwambia. Angejua asingenituma, angesema nina mkono ndani ya jambo. Nilipita nyumbani kuchukua koti na kumkuta Zainabu ameshasikia. Majengo hakuna siri. Hakulia. Alinifunga vifungo vya koti mwenyewe, kimoja kimoja, kisha akasema, "Baba Halima, huyo ndiye aliyebaki kwetu."

Tulikwenda na Land Rover, dereva na mimi, na pale Chuka tukapewa homgadi mmoja wa kunilinda, jina lake Mutegi. Alikuwa kijana mrefu, ana bunduki iliyomshinda uzito na koti la kijeshi lililomshinda ukubwa. Tulipata palipokatika karibu na mto Thuci, upande huu wa Meru. Mti wa muringa ulikuwa umeng'oka na mvua, ukaangukia waya. Mto wenyewe ulikuwa unapita juu ya daraja, maji mekundu yakivuta magogo. Gari halivuki, mtu havuki. Barua isingefika Embu siku ile hata ungempa ndege. Palikuwa na njia moja tu, nayo ni ile waya.

Nikavaa viatu vya kupandia, vile vyenye meno ya chuma, nikajifunga mshipi, nikaanza kazi. Ukungu ulikuwa umeshuka, mzito, hata sikuuona mlingoti wa pili. Mutegi alisimama chini akiuelekeza mtutu kila kichaka kilipotikisika. Nilivuta waya mpya, nikafunga upesi. Zilikuwa waya nne, jozi moja ya ofisi na jozi moja ya polisi. Nilizifunga zote. Nikachomeka simu yangu ya kupimia, kile kikasha cha mbao cha kuzungusha mkono, nikazungusha.

"Meru! Meru!"

Nikasikia polisi wawili wa Chuka wakibishana habari ya mbuzi. Meru haipo. Nikazungusha tena, nikaita Embu. Mbuzi wale wale. Nikafungua, nikafunga upya, nikaita. Ikawa kelele tupu. Nikatazama saa yangu, saa tisa imeingia. Nikaona moyoni lori limesimama, na Nyaga anapanda. Unajua nilifanya nini? Nililia. Mtu mzima, juu ya mlingoti, kwenye ukungu, nililia kwa sauti.

Ndipo nikasikia mtu chini akisema, "Fundi, hebu, umefunga nini hapo?"

Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu kidogo, amevaa koti la kazi la kaki, kofia ya kitambaa, na mzingo wa waya begani. Hakuwa na viatu. Mutegi alikuwa ameshamwelekezea bunduki.

"Wewe! Simama hapo hapo! Toa kipande!"

Yule mtu hakushtuka. Akaingiza mkono shingoni, akatoa kibweta cha bati kilichofungwa kwa kamba. Sasa niamini, kipande cha kuning'iniza shingoni kilikuwa kimeachwa zamani, kabla ya Hali ya Hatari. Baba yangu alikuwa ametupa chake chooni siku ile ile vilipofutwa. Nikajiuliza, nani bado anatembea na kitu kile? Mutegi alikifungua, akatoa karatasi, akaitazama kwa makini. Kusoma hakujua, na alikuwa ameishika juu chini. Akairudisha.

"Unatoka wapi?"

"Upande wa Embu."

"Mto umejaa, wewe."

"Nimeuona," akajibu yule mtu. Kisha akapanda.

Alipanda bila viatu vya meno, bila mshipi, kwa nyayo na viganja tu, na hakuhema. Akafika kando yangu, akakaa kwenye ule mti wa kukingama unaobeba waya, kama mtu aliyekaa kwenye kiti nyumbani kwake. Baridi ilikuwa inanitoa mvuke kinywani. Yeye alikuwa akizungumza na hakuna mvuke. Niliona, lakini akili yangu ilikuwa Embu, ikakataa kushughulika na hilo.

"Umefunga kama macho yanavyoona," akaniambia. "Hapa macho yanadanganya. Huu ni mlingoti wa kupishana."

Nikataka ardhi inimeze. Kwenye laini ndefu, kila baada ya milingoti kadhaa, waya hupishana, ya kushoto inakwenda kulia na ya kulia inakuja kushoto, ili sauti za laini moja zisimwagikie nyingine. Mlingoti kama huo hupakwa pete nyeupe. Pete ya huu ilikuwa imefunikwa na kuvu, na mimi kwa haraka sikuukwangua. Nilikuwa nimeunganisha ofisi ya Meru na polisi wa Chuka. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anachapwa kwa kosa hilo.

"Nina mtu Embu," nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. "Saa kumi wanamchukua."

"Basi tusikae," akasema. "Nishikie hii."

Ndugu yangu, nimewaona mafundi. Nimewaona Wahindi wa Nairobi, nimewaona Wazungu waliosomea. Sijaona mikono kama ile. Hakutumia koleo. Alifungua vifundo vyangu kwa vidole, waya ngumu ya shaba ikimlegea kama uzi, akaipitisha, akaipishanisha, akaanza kufunga. Wala hakuwa na haraka. Kila mzunguko ulilala kando ya mwenzake, hakuna nafasi ya kupitisha hata unywele. Huku akifanya kazi alinitania. "Mkono wako si mbaya, ila una woga. Shaba inajua ukiiogopa." Nami nikajikuta nacheka, machozi bado yako shavuni. Niliona raha kumtazama. Hofu yote iliniondoka, nikatamani kazi ile isimalizike.

Alipomaliza akaichukua simu yangu ya kupimia. Mkono wa simu akautega katikati ya sikio lake na langu, tusikie wote.

"Sisi hatushuki mpaka tusikie pande zote mbili," akasema. "Si ndivyo?"

Ndivyo. Ndiyo kawaida yetu. Ukifunga waya, unaita upande huu, unaita upande ule, unawasikia wanasikilizana, ndipo unashuka. Akazungusha.

"Embu, wanisikia?"

"Embu hapa. Sauti safi kabisa!" akajibu karani.

"Meru, wanisikia?"

Kimya. Nilijua Mzee Rajabu yupo, nilisikia pumzi yake. Yule mtu alingoja, uso wake umetulia, macho yamekazwa kwenye ukungu.

"Meru, wanisikia?" akaita tena, taratibu.

Ndipo sauti ya Mzee Rajabu ikaja, imekatikakatika kama ya mtoto. "Nakusikia. Nakusikia, Hamadi. Nakusikia vizuri."

Yule mtu akafumba macho. Nikakitazama kifundo kilicho mbele ya pua yangu. Mizunguko saba kulia. Mizunguko saba kushoto. Ncha imefichwa chini.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliukumbatia mlingoti kwa mikono miwili, nikasoma kila aya niliyoijua. Akanipa mkono wa simu. Kidole chake kilinigusa, na kilikuwa baridi kama vile vikombe vya kaure tunavyofungia waya. "Waunganishe," akasema. "Mtu wako anangoja."

Niliita kwa sauti ambayo si yangu. Bwana mkubwa wa Meru akaja kwenye laini. Daftari lilikuwa mbele yake. Akasoma jina la Nyaga, akasoma Ruiri, akasoma siku. Yule bwana wa Embu akamtaka arudie, akarudia. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa na mtu akipiga kelele dirishani, "Simamisha hiyo lori!"

Nilipogeuka, kando yangu hapakuwa na mtu. Nikashuka, sijui nilishukaje. Mutegi alikuwa ameketi kwenye tope, bunduki iko upande mmoja na yeye upande mwingine.

"Ameshuka?" nikamwuliza.

"Ameshuka. Amenipita hapa, amesema kazi imekwisha. Ameenda kule mtoni." Akanyoosha kidole chini. "Fundi, mimi nimeangalia hii tope. Kuna buti yako na kuna akala zangu za matairi. Sasa yeye alikuwa anakanyaga wapi?"

Tulikwenda mbio mpaka kwenye gari, na dereva mpaka leo anaamini tulifukuzwa na ndovu.

Nyaga aliteremshwa lori likiwa limekwisha kuwashwa. Alinieleza baadaye kwamba jina lake lilipoitwa alijua anakwenda kuuawa, kwa sababu siku zile kuitwa jina peke yako hakukuwa kwa heri. Wenzake humo ndani walimtazama, na lori likaondoka nao. Nao pia walikuwa na mama wagonjwa na wake majumbani, lakini siku ile hapakuwa na mtu juu ya mlingoti kwa ajili yao. Hilo linamuuma Nyaga mpaka leo, na ana wajukuu.

Mimi niliporudi Meru nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Rajabu. Nilimkuta barazani kwake, hajanyoa, hajala. Nikasalimia, nikakaa. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Ile laini ilijengwa kutoka pande mbili," akasema. "Sisi kutoka Meru, wenzetu kutoka Embu. Zikakutana pale Thuci, na Hamadi ndiye aliyefunga kifundo cha mwisho. Mimi nilikuwa kwenye swichibodi, nangoja kuwa wa kwanza kusikia. Nikangoja tangu asubuhi, nikaona njaa, nikavua vyombo vya masikio, nikaanza kunywa chai. Nikasikia kwa mbali, kwenye meza, 'Meru, wanisikia?' Nikasema moyoni, angoje nimalize kikombe. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Nilipovaa, kimya. Walisema alifungua mshipi, akajinyoosha atazame waya ina nini, hata asijibiwe, akateleza, akaanguka, akafa."

"Mzee," nikasema, "ni ajali."

"Ni kikombe cha chai," akanijibu.

Ijumaa ile, baada ya sala, alikwenda kwa mjane wa Hamadi akamwambia yote, ya zamani na ya juzi. Nilimsindikiza. Yule mama alivuta ushungi ukamfunika nusu ya uso, nikadhani atatufukuza. Mwishowe akauliza neno moja tu.

"Alisikika vizuri?"

"Vizuri kuliko sisi sote," akasema Mzee Rajabu, na wote wawili wakalia.

Tangu hapo mzee hakutia chakula wala chai mdomoni akiwa kwenye zamu, mpaka alipostaafu. Mimi nilikipandia kile kifundo mara nyingi, nikijaribu kukiiga. Nilileta mafundi wa Nairobi wakione, wakakipiga kwa kucha, wakatikisa vichwa, wakauliza ni chombo gani kilichotumika. Nikawaambia ni vidole. Walicheka. Baadaye zikaja nyaya za kisasa, wakaja vijana, wakaikata laini yote na kuikunja kwenye lori kama takataka. Sikuwa zamu siku hiyo, nami nashukuru. Mpaka nilipoacha kazi sikuwahi kuweza kufunga kama yeye, na wala sioni aibu kusema hivyo.

Basi wewe unayenisikiliza, na simu yako iko hapo mkononi, nakuonya, wala si mzaha. Mtu akikuita kutoka mbali akakuuliza kama unamsikia, mjibu. Weka chini kijiko, weka chini kikombe, mjibu kwanza. Yeye anakuona wewe ni sauti tu, na wewe unamwona yeye ni sauti tu, lakini hujui amesimama wapi.